Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Kwetu Musanda, ukiacha chuo kabla ya kumaliza watu wanakusikitikia wiki mbili tatu, halafu wanakumbuka una laptopu. Kuanzia hapo wewe ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu. Hakuna kura inayopigwa. Jioni ya siku ya pili ya msiba mtu anatumwa kwenu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imejaa majina ya mashangazi na tarehe zisizolingana, na anakaa kwenye kiti cha plastiki hadi umalize. Asubuhi unapanda boda hadi Mumias kuchapisha. Picha mbele, ratiba ya mazishi nyuma.

Wasifu una njia yake na njia hiyo haipindi. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa nne kati ya saba. Alisoma shule ya msingi fulani. Aliolewa, akabarikiwa na watoto. Alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mwanachama wa chama cha akina mama. Alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mungu aiweke roho yake mahali pema.

Mei 2024 niliandika wasifu wa jirani yetu. Alikuwa na miaka 24, mwaka mmoja tu mbele yangu. Alikufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua. Nilipofika aya ya mwisho vidole vikaandika vyenyewe: alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hakuna aliyeniambia niandike hivyo. Nikaisoma tena, nikaona haina kosa la tahajia, nikahifadhi faili.

Hiyo sentensi haijaniacha tangu siku hiyo. Sikuiandika kwa nia ya kudanganya. Lakini ukiishika nusu nusu, kila nusu inavunjika mkononi. Kuugua: mimba si ugonjwa. Jioni ile jirani yetu alikuwa ameenda kisimani mara mbili na kurudi na mtungi kichwani. Muda mfupi: tangu kondo la nyuma lilipokataa kutoka hadi alipokata roho zilipita saa tano na nusu. Kwa saa tano na nusu mtu anatoka Mumias, anafika Nakuru na anakunywa chai.

Sasa swali langu ni hili. Kifo kama kile ni bahati mbaya, au ni dhuluma? Na nani ana haki ya kukipa jina? Ningependa kuuliza kama mtu aliyesimama kando, lakini siwezi. Wiki tatu kabla ya jirani kufa, dada yangu alikuwa kwenye usiku uleule, na yeye alirudi.

* * *

Nianze na dada.

Aprili 2024 madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo. Ulikuwa umeanza tarehe 14 Machi na ungeendelea hadi 8 Mei, karibu miezi miwili. Mimi nilikuwa chuoni, mwaka wa tatu, naishi kwenye bedsita ambayo kodi yake ilikuwa imechelewa miezi miwili. Dada alikuwa Musanda na mimba ya pili. Kliniki alikuwa amehudhuria zote. Kijitabu chake cha mama na mtoto kilikuwa kimejazwa vizuri kuliko daftari lolote alilowahi kuwa nalo shuleni.

Uchungu ulimshika Jumamosi usiku. Shemeji akampeleka kituo cha afya kwa pikipiki yake. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake. Akampima tumbo kwa mikono, akanyamaza kidogo, akawaambia: "Mtoto amekingama. Huyu anataka upasuaji na mimi hapa sina thieta. Na huko hospitali kubwa msipoteze muda, madaktari hawako. Tafuteni praiveti."

Praiveti walifika. Pale kwenye dirisha la malipo wakaambiwa waweke elfu ishirini na tano kwanza.

Simu yangu ililia saa saba usiku. Mama hakusalimia. Alisema tu, "Una ngapi?"

HELB yangu ilikuwa imeingia Alhamisi. Kwa wale ambao hawajawahi kungoja HELB: hiyo ni mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na ukiwa wewe ni mtoto wa mkata miwa, hiyo ndiyo kodi, chakula, na salio la karo. Nilikuwa na elfu ishirini na moja na kitu. Nilimwamsha mwenzangu wa chumba cha pili, akachukua Fuliza akaniongezea zilizobaki. Ujumbe wa M-Pesa bado ninao: saa saba na dakika 47 usiku. Kabla ya saa kumi mtoto alikuwa ametolewa, msichana, analia.

Bili nzima ilikuja kuwa mara tatu ya ile diposti. Ng'ombe akauzwa, pikipiki ya shemeji ikauzwa, kundi la WhatsApp la ukoo likachanga. Mimi nilifungiwa nyumba mwisho wa mwezi, nikashindwa kumaliza karo, nikakosa kadi ya mtihani. Nikasema nitaahirisha mwaka mmoja. Si unajua vile hiyo huishia.

Miezi kadhaa baadaye ndipo nilisoma Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, na kuona kimeandikwa wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inarudia jambo hilo na kulifanya kosa la jinai. Kwa hiyo lile dirisha halikuwa na haki ya kudai hata shilingi kabla ya dada kuhudumiwa. Lakini saa saba usiku, mtoto amekingama, nani anabishana na dirisha?

Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema Mungu ni mkuu, ametuokolea binti. Watu wakapiga makofi. Nilipoambiwa hayo kwa simu nililia, na nilimaanisha yale machozi.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nimerudi nyumbani na begi moja na laptopu, nikakaa kanisa hilohilo mbele ya jeneza la jirani. Mhubiri akasema ni mapenzi ya Mungu, tusiulize sana. Watu wakainamisha vichwa. Ni pale kwenye benchi nilipoanza kusumbuka. Kama Mungu ndiye aliyemwokoa dada, na Mungu huyohuyo ndiye aliyemchukua jirani, basi tofauti kati ya wale wanawake wawili ilikuwa nini? Wote walikuwa na imani. Wote walikuwa na kijitabu. Tofauti niliyoijua kwa hakika ilikuwa moja: HELB iliingia Alhamisi. Ingechelewa wiki moja, kama inavyochelewa mara nyingi, na mimi ningekuwa naandika wasifu wa dada yangu.

Sitaki Mungu anayengoja HELB. Na sidhani yuko.

* * *

Yaliyompata jirani niliyakusanya polepole, kwa mumewe na kwa watu waliokuwepo.

Alijifungulia nyumbani kwa mkunga wa kijijini. Si kwa ukaidi. Redio ilikuwa imesema mgomo mwezi mzima, na neno mgomo likishafika kijijini huwa linafunga kila mlango. Kituo cha afya kilikuwa wazi, muuguzi yupo, lakini habari iliyomfikia yeye ni kwamba hospitali zimefungwa. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma likabaki. Damu ikaanza.

Walingoja kwa sababu mkunga alisema litatoka. Halafu walitafuta boda. Kituoni muuguzi alimdunga sindano, akamtundikia maji, akasema huyu anahitaji damu na daktari, mpelekeni mbele. Gari la wagonjwa halikupatikana. Mwenye Probox alitaka elfu tatu na nusu za mafuta kabla ya kuwasha injini, na mumewe akagonga nyumba nne kuzikusanya. Hospitali ya kwanza haikuwa na daktari usiku huo. Alikata roho kwenye barabara ya kuelekea Kakamega, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama mkwe.

Ukitazama hayo utaona kifo chenyewe hakina mahali pamoja kilipotokea. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika makala ambayo bado inafundishwa kwenye vyuo vya uuguzi. Walisema wajawazito hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Jirani yetu alipitia yote matatu, moja baada ya jingine, kama vituo vya matatu.

Hapo ndipo neno bahati mbaya linaanza kuwa gumu kulitamka.

* * *

Kakamega ni nchi ya radi. Jioni za mvua, anga ikianza kunguruma, akina mama wanaita watoto ndani na kuzima simu. Radi inaua watu huku kwetu, na tunapozika mtu aliyepigwa na radi hatumtafuti mkosaji. Radi ndiyo mfano kamili wa bahati mbaya. Haina nia, haina chuki, haijui jina lako.

Lakini fikiria shule mbili kwenye kilima kimoja. Moja ina kizuia radi juu ya paa, ile fimbo ya chuma yenye waya unaoshuka hadi ardhini. Nyingine haina. Wote wanajua radi hupiga kilima kile, na pesa za kununua fimbo zilikuwepo. Radi ikiua mtoto kwenye ile shule ya pili, bado utaiita bahati mbaya? Radi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alijua, aliweza, na hakufanya.

Judith Shklar, mwanafalsafa wa siasa aliyezaliwa Riga kule Latvia, akakimbia vita akiwa mtoto na kuishia kufundisha Harvard, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1990. Nilikipata kama PDF, nikakisoma kwenye simu. Anachosema ni kwamba mpaka kati ya bahati mbaya na dhuluma haukuwekwa na maumbile. Tunauchora sisi, na mara nyingi kalamu inashikwa na wale ambao hawajaumia. Aliyeko salama huona bahati mbaya haraka sana. Anasema pia kuna dhuluma ya kutotenda: ya raia anayeona na kupita.

Mimi ningeongeza kitu kimoja kutoka Musanda. Mpaka huo unahama. Kukhu wangu alizaa watoto tisa na kubaki na sita, na nilipomuuliza juu ya wale watatu alinijibu bila kutikisika: "Siku hizo tungefanya nini?" Na ni kweli, kwa mengi yake. Hakukuwa na barabara, hakukuwa na thieta, hakukuwa na mtu wa kuuliza. Kifo kilekile, damu ileile, kwa mwaka wake huenda kilikuwa bahati mbaya. Kwa mwaka 2024 sivyo. Kila tunapojifunza namna ya kuzuia kifo fulani, kifo hicho kinatoka kwenye hesabu ya bahati na kuingia kwenye hesabu yetu.

Na tumejifunza mengi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusu wanawake zaidi ya 200,000. Walichofanya ni kumwekea mama karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, ili damu anayopoteza ionekane mapema badala ya kukisiwa kwa macho, halafu kumpa kwa pamoja, bila kungoja, matibabu ambayo tayari yalikuwa yanajulikana. Visa vya kuvuja damu vibaya na madhara yake vikapungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari. Si roketi.

Hata hapa nyumbani tumeona. Juni 2013 serikali ilifuta ada za kujifungua kwenye hospitali za umma. Baadaye ukaja mpango wa Linda Mama. Mwaka huohuo wa 2013 kaunti yetu ya Kakamega ilianza kuwapa akina mama wasiojiweza shilingi 2,000 kwa kila hatua ya kliniki, hadi jumla ya 12,000, kwa sababu mtu fulani ofisini alielewa kwamba nauli ni sehemu ya matibabu. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kwamba mwaka 2014 watoto 62 kati ya kila 100 walizaliwa mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Kufikia 2022 walikuwa 89. Mapenzi ya Mungu hayapandi kutoka 62 hadi 89 kwa miaka minane kwa sababu ya bajeti. Kinachopanda hivyo ni maamuzi ya watu. Na kama kupanda ni maamuzi, hata wale 11 waliobaki ni maamuzi.

* * *

Najua utaniuliza: sawa, ni dhuluma, lakini dhalimu ni nani? Nimejaribu kumtafuta, na kila niliyemkaribia alikuwa na sababu nzuri.

Muuguzi wa kituo chetu alikuwa peke yake usiku ule, na alifanya kila alichoweza na sindano aliyokuwa nayo. Mwenye Probox ameshawahi kubeba wagonjwa wa bure mpaka akakosa mafuta ya kuendea kazi. Madaktari waliogoma walikuwa wanadai serikali itimize mkataba iliousaini yenyewe mwaka 2017. Daktari mwanagenzi aliyeahidiwa takriban 206,000 kwa mwezi alikuwa anaambiwa achukue 70,000. Ningekuwa yeye ningegoma. Mkunga ni bibi wa miaka sabini aliyetuzalisha nusu ya kijiji. Hata yule wa dirisha la malipo pale praiveti ni mwajiriwa, labda umri wangu, labda naye ana HELB ya kulipa.

Kwa hiyo wengi huishia kusema tatizo ni mfumo, halafu wanaagiza chai. Mfumo ni neno zuri la kujifichia. Halina uso, halina namba ya simu.

Lakini mahakama zetu zimeshakataa maficho hayo. Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya tangazo la uzazi wa bure, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, jirani zetu hapa. Vitanda vilikuwa vimejaa. Alianguka akazimia, akazindukia kofi na matusi ya wauguzi kwa kuchafua sakafu. Mtu alirekodi video, nchi ikaiona. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Bungoma, na Machi 2018 mahakama ikasema haki yake ya afya na utu wake vilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe msamaha. Kinachonivutia zaidi ni kwamba lawama haikuishia kwa wauguzi waliompiga. Serikali ya kitaifa na ya kaunti ziliguswa pia, kwa kutangaza huduma bila kuweka vitanda, watu na dawa za kuitimiza, na bila kufuatilia. Yaani jaji aliangalia kitu ambacho kijijini tungekiita bahati mbaya na akakiita kwa jina lake, ijapokuwa waliohusika walikuwa wengi na kila mmoja alishika kipande chake.

Miaka miwili na nusu kabla, Septemba 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imesema jambo linalofanana juu ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa sababu hawakuwa na pesa za bili. Kumfungia mzazi kwa deni ni kuvunja haki zake. Ukisoma hukumu hizo utaona kazi kubwa ya wale wanawake ilikuwa kusimulia: niliingia saa fulani, nikaambiwa hivi, nikalala hapa. Bila saa zao hakukuwa na kesi.

Na hapo narudi kwenye sentensi yangu.

* * *

Baada ya mazishi nilimwendea mama mkwe wa marehemu. Nikamwambia, mama, kile nilichoandika hakikuwa sawa. Ningependa mwaka ukiisha, kwenye ibada ya kumbukumbu, tuseme kilichotokea. Saa alizongoja, gari lililokosekana, daktari aliyekosekana.

Alinitazama muda mrefu. Halafu akasema: "Mwanangu, ukisoma hayo mbele ya watu, watauliza jambo moja tu. Kwa nini mlimwacha azalie nyumbani? Hawatauliza gari lilikuwa wapi."

Sikuwa na jibu, na kusema kweli hata leo jibu langu ni nusu. Alikuwa sahihi kuhusu watu. Dhuluma isiyo na uso ikitafuta uso hupata wa aliye karibu na dhaifu: mkunga, mama mkwe, mume maskini, marehemu mwenyewe. Baada ya kuugua kwa muda mfupi ni blanketi ambalo familia hizi zimejifunika kwa sababu zinajua upepo unavuma kutoka wapi. Mimi niliyesoma PDF ya Harvard ni nani wa kuwavua?

Kwa hiyo kuna haki mbili zinagombana hapa. Ya kwanza ni ya wafiwa, kuomboleza bila kuhukumiwa. Ya pili ni ya wale wanawake wengine wa Musanda ambao bado wana mimba, kujua kwamba mwenzao hakufa kwa radi. Sensa ya 2019 ilihesabu vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini. Ukizidisha hiyo kwa idadi ya wanaojifungua kila mwaka utapata maelfu ya wasifu, na nina hakika kubwa kwamba nyingi zina ile sentensi. Kila moja ni ya huruma kwa familia moja. Zikijumlishwa zinakuwa kitu kingine: zinakuwa ushahidi uliofutwa, kijiji baada ya kijiji, na watoto wa kijiji chenyewe wenye laptopu.

Nilipofikia ni hapa, na unaweza kubisha. Kifo ni cha familia, kwa hiyo siwezi kuandika bila ruhusa yao. Lakini sentensi ni yangu. Ile sitaiandika tena kwa mwanamke aliyekufa akijifungua. Wakikataa yasisemwe, nitaandika alifariki tarehe fulani, na kunyamaza. Kunyamaza angalau hakudai kuwa ukweli. Na wakikubali, nitaandika yote, si ya nyumbani peke yake. Nusu ya ukweli ndiyo inayomchoma mama mkwe. Ukitaja kwamba alizalia nyumbani, taja na redio ilisema nini. Ukitaja mkunga alingoja, taja na gari la wagonjwa lililokosekana. Taja zile elfu tatu na nusu. Taja hospitali isiyo na daktari na sababu yake. Saa zikiwekwa zote mezani, lawama inagawanyika hadi kufika ofisi ambazo hazijawahi kuhudhuria mazishi ya kwetu.

Kuhusu mimi na dada, watu bado huniambia nilijitoa kafara. Wanasema kwa nia njema na mimi huitikia, ahsante. Lakini kila wakisema najisikia vibaya, na sasa najua ni kwa nini. Kafara ni ya hiari. Mimi niliwekwa njia panda ambayo hakuna mtu anastahili kuwekwa, shahada huku na dada huku, kisha nikasifiwa kwa kuchagua vizuri. Nampenda mpwa wangu. Siku hizi anakimbia, anapenda kuvuta waya wa chaja. Sijutii hata shilingi. Ila sitaki kupongezwa kwa jambo ambalo Kifungu cha 43 kilisema lisitokee.

Mwaka jana, msimu wa kupanda mahindi, mume wa marehemu alikuja kwetu jioni. Nilidhani kuna msiba mwingine. Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, kofia mkononi, akasema anataka nimwandikie zile saa. Si za kusomwa kanisani. Ni za mtoto, akikua aulize mama yake alikufaje, asiambiwe aliugua.

Tukaandika. Ilituchukua hadi taa ya sola ikaanza kufifia. Nilipomsomea mahali pa Probox nilikuwa nimeandika saa nane usiku. Akanisimamisha.

"Saa nane na nusu," akasema. "Nilikuwa naangalia simu, chaji imebaki asilimia nne. Andika nusu."

Nikaandika nusu.